Sketi Yake Iko Wapi?

Kageha alikata kamba za robota
Jumapili, Kibuye, jua bado changa,
na kabla mikono ya watu haijavamia
kikadondoka miguuni pangu:
kifuko cha ngozi, uso wake manyoya meupe marefu,
vishada vitatu vyeusi vikining'inia
kama ndevu za mabeberu walionyeshewa.

"Hamsini," akasema. "Hata sijui ni nini.
Ukijua, ongeza ishirini."
Sikujua. Nikalipa hamsini.

Mkufu wake ulikuwa umekatika.
Mimi fundi wa baiskeli: nikauunga kwa kipande cha mnyororo
nilichokiosha kwa mafuta ya taa,
nikakifunga kifuko juu ya jinzi yangu yenye grisi,
chini ya fulana iliyosahau ilikuwa ya chama gani.
Kikakaa pale, mbele, katikati,
mahali ambapo mtu mzima hatundiki kitu.

Basi soko likapata chakula.
"Fundi, mkia umehamia mbele!"
"Huyo paka umemlipia kodi?"
Oloo wa matairi alicheka hadi akakaa chini.
Adoyo, mke wangu, hakucheka. Alitazama tu, akasema,
"Suruali ina mifuko minne."
Nikamwambia yote imetoboka, na anajua,
maana sindano iko kwake.
Hapo akacheka.

Mwalimu Mudaki akasimama na sweta lake la sufu,
tai shingoni, jasho likitiririka hadi kwenye kola.
Hiki ni cha Waskoti, akasema, watu wa milima na mvua;
wanaume wao huvaa sketi za miraba,
na sketi haina mifuko, ndiyo maana.
"Hakivaliwi na jinzi. Kila vazi na adabu zake."
Nikaitazama tai. Nikalitazama jua.
"Mwalimu, na hiyo nayo ilialikwa na nani?"
Hakujibu. Akailegeza kidogo,
akaniachia baiskeli niijaze upepo.

Ndani nikaweka gololi, viraka, vali, gundi.
Manyoya yakashika grisi,
yakawa rangi ya mto Nyando wakati wa mafuriko.
Nikiinama, kinainama nami.

Kisha mwezi wa sita
Ajwang', binti ya Oloo, akalazwa Rasha,
mguu umevunjika mara mbili,
na bili ikaja ndefu kuliko kitanda.
Tukatafuta chombo cha mchango.
Kofia? Kofia hurudi kichwani na chochote kilichomo.
Kopo? Kopo hutikiswa, halisomwi.
Akasema Kageha, pini mdomoni:
"Achukue fundi. Mfuko wake uko mbele ya macho ya watu.
Akiingiza mkono, soko zima litaona."

Nikamwaga gololi kwenye sufuria,
nikazunguka: kwa samaki, kwa nyanya, kwa vyuma chakavu,
noti zikiingia chini ya manyoya
kimya, kama vifaranga chini ya mama yao.
Mwalimu alitoa mia mbili
na kifungo akakifunga mwenyewe.

Kwa Oloo tukamimina yote ndani ya tairi.
Akahesabu. Akahesabu tena.
Kisha akavishika vile vishada
kama mtu anayepokea mkono wa mgeni,
na neno halikumjia.

Ajwang' sasa anatembea,
huchechemea tu akikumbuka.
Oloo naye amepona. Jana alipita,
akanitazama toka juu hadi chini, akaguna:
"Lakini fundi, sketi yake iko wapi?"

Kuna shilingi moja imenasa kwenye mshono, ndani kabisa.
Nikipiga pampu naisikia.
Koleo ninayo.
Sijaitoa.